Njia ya Uvimbe wa Taya: Kutoka Mengo hadi Pwani ya Msumbiji

Anayetaka kuifuata njia hii aanzie Mengo. Hospitali ya Mengo, iliyoko kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, ilianzishwa mwaka 1897 na daktari mmishonari wa Kiingereza, Albert Cook. Cook alikuwa na tabia moja ambayo vizazi vilivyofuata vina kila sababu ya kumshukuru: aliandika. Mgonjwa akija, jina, umri, dalili na matokeo viliingia daftarini. Madaktari waliokuja kuzipekua kumbukumbu hizo miaka mingi baadaye walikuta humo watoto waliovimba mataya kwa uvimbe ambao haukuwa jipu wala jino bovu.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo, na wazazi waliujua. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa nini watoto hawa wanafanana.

Nusu karne ilipita. Mwaka 1951 Jack Davies, mtaalamu wa patholojia katika chuo cha tiba cha Makerere, alianzisha rejista ya saratani ya Kampala. Rejista ni kazi isiyo na sifa: kuandika kila uvimbe uliokatwa na kupimwa, wa nani, wa kiungo gani, mgonjwa katoka wapi. Kutokana na rejista hiyo yeye na mwenzake Mmarekani, Greg O'Conor, waligundua kwamba karibu nusu ya saratani zote za watoto pale Kampala zilikuwa za aina moja, saratani ya seli za kinga zinazokaa kwenye tezi. Huko Ulaya saratani kubwa ya watoto ilikuwa ya damu. Hapa mambo yalikuwa tofauti kabisa.

Wakati huo huo, katika hospitali iliyo juu ya kilima cha Mulago, daktari wa upasuaji kutoka Ireland alikuwa akihangaika na watoto wale wale bila kujua kwamba wenzake wa maabara wanawahesabu. Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen mwaka 1911, akapoteza jicho moja akiwa mtoto baada ya kupigwa jiwe, na akafika Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwone mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya la juu lilikuwa limevimba pande zote mbili, na la chini vivyo hivyo. Jambo hilo lilimsumbua Burkitt. Jipu huvimba upande mmoja, na uvimbe wa kawaida wa saratani huanzia mahali pamoja. Huu ulikuwa umechipuka sehemu nne kwa mpigo.

Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine uani na uso wa namna ile ile. Alitoka, akampima, akakuta na uvimbe tumboni. Tangu siku hiyo hakutulia.

Aliyewahi kumwona mtoto mwenye ugonjwa huu hasahau. Mara nyingi ni wa miaka 4 hadi 9, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Kwanza meno ya nyuma yanaanza kucheza, mtoto anaacha kutafuna upande huo. Kisha shavu linajaa, fizi inafura na kuyasukuma meno hadi yanasimama ovyo. Uvimbe ukiwa taya la juu, jicho linasukumwa kutoka nje. Na kasi yake inatisha: seli za uvimbe huu zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivi kwamba mama aliyemwacha mtoto na kijivimbe Jumatatu anaweza kumkuta kabadilika sura Ijumaa. Hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kukua haraka kupita huu.

Mwaka 1958 Burkitt aliandika makala kuhusu watoto 38 katika jarida la upasuaji la Uingereza. Ilisomwa na wachache, ikapita kimya.

Ni hapa ndipo tabia ya zamani ya Burkitt ilipomsaidia. Alipokuwa Lira, kabla ya kuhamishiwa Mulago, aligundua kwamba mabusha yalikuwa mengi mno upande wa mashariki wa wilaya ya Lango na haba upande wa magharibi, akachora ramani yake. Kwa daktari wa upasuaji huo ni mwelekeo wa pekee, kwani kazi yake ni kukata kilichopo mezani. Yeye aliuliza mgonjwa ametoka wapi. Kwa uvimbe wa taya alifanya vile vile: akachapisha karatasi zenye picha za watoto waliougua, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni kote Afrika na swali moja: mmeona hii? Majibu yalipokuja alibandika alama kwenye ramani ukutani. Zilijipanga kama ukanda mpana uliokatiza bara pande zote za ikweta, kisha mkia wake ukashuka kusini kwa kuambaa pwani ya mashariki.

Kwa nini mkia? Na ukanda unaishia wapi hasa? Barua haziwezi kujibu hilo. Ikabidi waende.

Tarehe 7 Oktoba 1961, watu watatu waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, la mwaka 1954, lililonunuliwa kwa pauni 250. Burkitt alikuwa na Ted Williams, daktari wa misheni ya Kuluva huko West Nile, ambaye aliweza kutengeneza injini vizuri kama alivyoweza kutibu malaria, na Cliff Nelson, daktari Mkanada. Safari ilichukua kama wiki 10 na maili 10,000, wakashuka kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiingia hospitali zaidi ya 50. Kila walipofika, swali halikubadilika. Wanatoa picha, wanauliza daktari, wanauliza wauguzi. Mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Mara ngapi? Katoka kijiji gani?

Kilichoonekana njiani ni kwamba ugonjwa huu unaogopa baridi. Hospitali ya bondeni inasema ndiyo, ya milimani inasema hapana, hata kama kati yao kuna mwendo wa saa chache. Rwanda na Burundi, zilizo juu, hazikuwa nao; kandokando ya ziwa na mabonde ya joto ulikuwepo. Msomaji wa Tanzania anaweza kulielewa hili kwa mwili wake mwenyewe akipanda gari Mbeya asubuhi, amevaa sweta, akateremka Tukuyu kwenye migomba na chai, na kufika Kyela jasho likimtiririka katikati ya kokoa, michikichi na mpunga, mbu wakiwa wameanza kazi kabla jua halijazama. Ni mkoa mmoja na barabara moja, ila magonjwa hayalingani.

Mwanzoni Burkitt alidhani kizuizi ni mwinuko wa ardhi. Karibu na ikweta ugonjwa uliishia kwenye futi 5,000, yaani mita kama 1,500. Lakini kadiri walivyosogea kusini ukomo huo ulishuka, hadi futi 3,000 na chini zaidi, na huko Msumbiji ukabaki pwani tu hadi karibu na Lourenço Marques, mji tunaouita Maputo leo. Mlima peke yake hauwezi kufanya hivyo. Aliyemfumbua macho alikuwa Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, mtu aliyetumia maisha yake kuwahesabu mbu katika misitu ya Uganda. Alimwambia kwamba kizuizi ni joto: ugonjwa unakaa mahali ambapo nyuzijoto hazishuki chini ya 16 hivi, na mvua haipungui milimita 500 kwa mwaka. Mchora ramani yeyote wa malaria angeutambua mpaka huo mara moja.

Saratani inayofuata mbu. Jambo hilo halikuwa limewahi kuonekana kwa binadamu.

Tuache barabara kidogo tupande ndege, kwa sababu njia hii ina tawi. Miezi michache kabla ya safari ile, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa London akitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti kijana aliyekuwa akichunguza kirusi kinacholeta saratani kwa kuku. Kabla mhadhara haujaisha Epstein alikuwa ameshaamua kuacha kuku. Kama ugonjwa unafuata hali ya hewa, alifikiri, basi kuna kiumbe hai kinachouleta. Wakakubaliana: vipande vya uvimbe vikikatwa Kampala vipakiwe ndege ya usiku, vifike London kesho yake.

Kwa zaidi ya miaka miwili hakuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ukungu uliifunika London na ndege iliyobeba kichupa kutoka Uganda ikageuzwa kwenda Manchester. Kichupa kilipofika maabara mchana ulikuwa umekwisha na maji yake yalikuwa yamechafuka kama ya mchele uliooshwa. Mtu mwingine angekimwaga, kwa kuwa maji ya namna hiyo kwa kawaida yamevamiwa na bakteria. Epstein alichukua tone akaliweka chini ya hadubini. Hapakuwa na bakteria. Ulikuwa umati wa seli za uvimbe, hai, zimebanduka kwenye kipande kwa kutikiswa safarini, zinaelea moja moja. Yeye na Yvonne Barr waliziotesha zikakua, jambo lililokuwa limewashinda watu wote. Tarehe 24 Februari 1964 aliweka seli hizo kwenye hadubini ya elektroni, na katika seli ya kwanza kabisa aliyoitazama akaona virusi. Alihofia miale isije ikaviunguza, akazima mashine, akatoka nje kutembea kwenye theluji bila koti, kisha akarudi kuangalia tena. Bado vilikuwepo.

Kirusi kikapewa jina la Epstein na Barr. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad aliyefanya kazi ya hadubini pamoja nao na ambaye jina lake liko kwenye makala ya kwanza katika jarida la Lancet mwezi Machi 1964, hakutajwa kwenye jina hilo. Na mtoto wa Uganda aliyetoa seli zile hakutajwa popote. Nadhani historia ya tiba inamdai mtoto huyo zaidi ya inavyokiri. Seli zilizotokana na watoto wa Afrika waliougua uvimbe huu zimeendelea kuoteshwa katika maabara za dunia nzima tangu miaka ile.

Ugunduzi ulileta fumbo kubwa kuliko lile la mwanzo. Kirusi cha Epstein-Barr kilipotafutwa kwingine, kilikutwa kila mahali. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 duniani wanacho, wamekipata kwa mate, wengi wakiwa bado watoto, nacho hulala mwilini maisha yote. Mtu wa Norway anacho, mtu wa Japani anacho. Kwa nini basi kiue watoto wa Jinja na Mara, na si wa Oslo?

Hapo njia inarudi kwetu, na kwangu hii ndiyo sehemu yake tamu. Mwaka 1969 Burkitt aliandika kwamba huenda mbu haleti kirusi chochote. Huenda analeta malaria, na malaria ndiyo inayomtayarisha mtoto. Miongoni mwa vielelezo vyake vilikuwa Unguja na Pemba: visiwa vyenye joto na mvua tele, ambavyo kwa ramani vilipaswa kuwa na ugonjwa, lakini malaria ilikuwa imebanwa kwa kampeni kubwa na uvimbe ukawa nadra. Maelfu ya maili ya barabara za bara, halafu jibu linaonekana ng'ambo ya mkondo wa Zanzibar.

Watafiti wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani walikwenda West Nile, nyumbani kwa Ted Williams, wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika miaka ya mwanzo ya 1970, wakasubiri. Ilikuwa zamani za Idi Amin, na bado kazi ilifanyika. Watoto wachache waliokuja kuugua walikutwa, katika damu iliyohifadhiwa miaka kabla, na kingamwili nyingi mno dhidi ya kirusi kile. Kirusi kilikuwa kimetangulia uvimbe. Upande wa Tanzania, North Mara, watoto walio chini ya miaka 10 waligawiwa klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982 ili kuona kama uvimbe utapungua. Ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua hata kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ilirudi juu mapema kuliko ilivyotarajiwa. Jaribio halikutoa hukumu. Naliheshimu hata hivyo, kwa kuwa liliwauliza watu wa Shirati na vijiji vyake swali ambalo hakuna maabara ingeweza kulijibu.

Hukumu imekuja pole pole, na sehemu kubwa yake katika miaka 15 iliyopita. Mwaka 1976 ilikuwa imeonekana kwamba ndani ya seli za uvimbe kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kuhamia kwenye ya 14, na mwaka 1982 ikajulikana kuwa kipande hicho kimebeba jeni iitwayo myc, ambayo huiamuru seli igawanyike. Ikihamia mahali pasipo pake, amri haikomi. Swali lilibaki: nani anayekata? Tafiti zilizochapishwa mwaka 2014 na 2015 zilimwonyesha mshukiwa. Seli zinazotengeneza kingamwili zina kimeng'enya ambacho kazi yake halali ni kuikatakata DNA yao ili zitengeneze kingamwili bora zaidi. Malaria ya mara kwa mara inazilazimisha seli hizo ziongezeke bila kupumzika, na kimeng'enya kile kinafanya kazi kupita kiasi. Siku moja kinakata pasipo. Seli iliyoharibika namna hiyo ingepaswa kujiua, ila kirusi kilicholala ndani yake kinaizuia isife. Ndivyo malaria na kirusi vinavyosaidiana: mmoja anavunja, mwingine anamficha mharibifu.

Utafiti mkubwa uliofanyika kati ya 2010 na 2016 katika Uganda, Kenya na Tanzania, ukiongozwa na Mganda Sam Mbulaiteye wa taasisi ya saratani ya Marekani, uliwasajili watoto katika hospitali za Lacor na Kuluva nchini Uganda, za magharibi mwa Kenya, na za Bugando na Shirati nchini Tanzania. Msomaji aone majina: Kuluva na Shirati, vituo vile vile vya njia ya kale. Miongoni mwa matokeo ya Uganda ni kwamba watoto waliorithi jeni moja ya selimundu, ambayo huwakinga na malaria kali, walikuwa wanapata uvimbe huu kwa nadra zaidi. Ni ushahidi mzito, kwani mtoto hachagui jeni zake. Minyaa, ile ya utomvu mweupe tunayoipanda kama ua, nayo imechunguzwa kwa kuwa utomvu wake huamsha kirusi katika maabara. Hilo bado ni dokezo, na si la kumfanya mtu akang'oe ua leo.

Kirusi chenyewe kimezidi kujulikana. Mwaka 2022 watafiti waliofuatilia wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 walionyesha kwamba hatari ya kupata ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis hupanda mara 32 baada ya mtu kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr. Chanjo zake zinajaribiwa na hakuna iliyoidhinishwa bado. Ya malaria ipo: Kenya na Malawi zilianza kuitoa mwaka 2019, Uganda mwaka 2025. Kama ramani ya Burkitt inasema kweli, chanjo hiyo inaweza kupunguza na saratani. Epstein alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 102, ameishi kuyaona mengi ya haya.

Nimechelewesha makusudi jambo la tiba, kwa sababu ndilo linalouma. Uvimbe huu unaokua kwa kasi hufa kwa kasi. Burkitt mjini Kampala na Peter Clifford mjini Nairobi waliona tangu mwanzo wa miaka ya 1960 kwamba dawa chache, wakati mwingine dozi moja ya cyclophosphamide, ziliyeyusha uvimbe ndani ya siku chache na baadhi ya watoto wakapona moja kwa moja. Ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza duniani saratani kupona kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 ikaanzishwa taasisi ya saratani ya Uganda, jirani na Mulago, chini ya Mmarekani John Ziegler. Mwaka 1972 Burkitt, Ziegler na Anomah Ngu wa Kamerun walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo. Amin alipowatimua wageni, Charles Olweny alibaki akaishika taasisi, akaendelea kutibu na kutafiti katika miaka ambayo hata pamba ya hospitali ilikuwa shida.

Dawa zile ni za kale na ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Huko Ulaya na Marekani, watoto 9 kati ya 10 wenye uvimbe huu, ambao leo huitwa limfoma ya Burkitt, hupona. Katika nchi zetu, zilizoupa ulimwengu ugonjwa huu, ramani yake, kirusi chake na tiba yake, nusu au zaidi bado wanakufa. Wanafika wamechelewa. Wamepitia kwa mganga, kwa fundi wa meno aliyeng'oa magego mawili, zahanati iliyowapa dawa ya jipu. Wakifika, uvimbe umeingia tumboni au kichwani. Wengine wanaanza dawa, uvimbe unayeyuka, mzazi aliyeishiwa nauli na aliyeacha watoto wengine nyumbani anaamini mtoto kapona, anaondoka kabla ya dozi kwisha. Serikali inayonunua dawa na kusahau nauli na mahali pa mama kulala imefanya nusu ya kazi.

Kwa hiyo, mzazi, mwalimu na mhudumu wa zahanati mnaosoma haya mkiwa kandokando ya Ziwa Victoria, bonde la Nyasa, West Nile au pwani: mtoto ambaye meno yake ya nyuma yanacheza bila sababu, shavu likivimba au tumbo likijaa kwa siku chache, asing'olewe meno. Apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo, kipande cha uvimbe kikatwe na kupimwa, na akianzishiwa dawa azimalize zote.